Wana wa Khayega: mgongo wa Mama

[18:04] Everlyne: Jioni njema nyote. Natoka kwa Mama sasa hivi. Hawezi kunyooka. Amepalilia tangu Jumatatu na lile jembe la mpini mfupi, leo anashika ukuta akienda choo. Mguu wa kushoto unakufa ganzi. Kila mtu asome, ajibu.

[18:33] Everlyne: Tiki za buluu ni saba. Majibu yako wapi?

[18:41] Wycliffe: Pole kwa Mama. Niko mkutanoni.

[18:44] Everlyne: Kila wiki anadungwa diklofenaki pale dukani, na ana presha! Hiyo dawa inapandisha presha, inaumiza tumbo na figo. Maumivu yakizima kidogo anarudi kuinama. Nikisema mimi, ananiita daktari wa simu.

[18:46] Josphat: 😂😂 Daktari wa simu! Kama bado anabatiza watu, ako sawa.

[18:47] Brian: Mimi mjukuu wake, Kukhu aliniita waziri wa usingizi

[18:47] Josphat: 😂😂😂

[18:50] Everlyne: Jamani, mguu kufa ganzi si uchovu, huenda neva imebanwa. Akishindwa kuzuia mkojo, ni kukimbia hospitali usiku huohuo. Kesho apelekwe Kakamega. Nani ana gari? Na bima yake ya afya, SHA, Wycliffe, ulilipa? Tena nahitaji 3,000 za vibarua wawili wamalize palizi.

[19:12] Josphat: Si tulichanga juzi tu

[19:13] Everlyne: Tulichanga za wilbaro, 2023. Mama bado anabeba mtungi wa lita 20 kichwani. Hizo ni kilo 20, kutoka kisimani hadi juu kwenye kilima. Wilbaro iko wapi?

[19:20] Josphat: Iko. Ni gurudumu tu.

[19:21] Everlyne: Iko kwako, inabeba matofali.

[20:52] Mama Mkubwa: Wanangu, nimesomewa yote. Mimi na mama yenu tuliolewa mwaka mmoja. Magoti yangu yalipokwisha nilinyamaza, kwa sababu hata mama mkwe alitembea hivyo. Nilidhani ni miaka, kumbe ni kule kuinama toka usichana. Mama yenu hapalilii kwa ukaidi. Kayongo, lile gugu linalonyonya mahindi, imetoa maua ya zambarau. Ikimwaga mbegu, zitalala udongoni miaka mingi zikingoja mahindi. Ndiyo maana hatoki shambani. Mkitaka apumzike, njooni muing'oe nyinyi.

[21:30] Josphat: Nimesikia, Mama. Wilbaro naleta Jumamosi.

[21:34] Brian: Kung'oa naja mimi. Hata jembe nitalipeleka kwa fundi litiwe mpini mrefu

[22:17] Wycliffe: Nimetuma 1,000. SHA nitaangalia.

[22:18] Everlyne: Asante. Gari je?

[22:25] Brian: Niko na pikipiki

[22:26] Everlyne: Mgongo huo kwenye pikipiki, na barabara ile? Hapana. Wycliffe, gari lako?

[22:49] Wycliffe: Tuongee asubuhi.

[22:49] Everlyne: Saa ngapi?