Naomba ushauri: kidhibiti cha kuunganisha ripita mbili

Ndugu wanachama, salaam. Tunakusudia kuunganisha ripita mbili za redio ya ridhaa (mitambo inayopokea mawimbi na kuyarusha upya ili yafike mbali), moja ya VHF na nyingine ya UHF (bendi mbili tofauti za masafa), zilizo kwenye vilima tofauti, na naomba ushauri kuhusu kidhibiti kinachofaa, yaani kifaa kinachoamua ripita irushe lini na sauti ipi. Naweza kutumia Raspberry Pi (kompyuta ndogo) yenye programu ya AllStarLink, iliyojengwa juu ya Asterisk (programu ya mitambo ya simu) na inayopitisha sauti kwenye intaneti, au kidhibiti cha kawaida chenye redio ya kiungo (inayobeba sauti kati ya ripita hizo mbili), ambacho hakitegemei mtandao wa mtu yeyote (na huko, kusema kweli, ndiko ninakoegemea).

Kinachonitatiza hasa ni mkia: mzungumzaji akiachia kitufe, ripita ya kwanza huendelea kurusha kwa sekunde chache, ya pili ikadhani bado kuna mazungumzo, nazo zikabaki kuamshana bila kikomo. Je, inatosha kukata toni ya CTCSS (toni ya chini inayorushwa pamoja na sauti ili kufungua kipokezi) mara tu mzungumzaji anapoachia, ili upande wa pili ufunge mapema, au kidhibiti chenyewe ndicho kinachopaswa kupeleka kwenye kiungo sauti inayopokewa pekee? Aliyewahi kufunga mtambo wa aina hii anieleze pia alivyosawazisha viwango vya sauti.