Eti kwa hela yangu nikapande basi la mwendokasi!

Wakuu, salamu sina. Nimetoka yadi ya kuuza magari sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Yule jamaa muuzaji mnamjua, yule ambaye kila gari lake lilikuwa la "mwalimu wa kike, nyumbani na shuleni tu". Walimu gani hao wa nchi hii, wote wana magari?

Nimeenda na mama mkwe kuangalia kaToyota IST, namba ya usajili ya D, injini cc 1300. Jamaa anataka milioni kumi na moja. Dashibodi inasoma kilomita 68,000. Nafungua mlango wa dereva, pale kwenye nguzo kuna stika ya Kijapani ya kubadilisha oili. Kijapani sijui, tarakimu nazijua: 131,000! Raba ya pedali ya breki imelika hadi chuma kinakuchekea. Nikamwonesha, nikasema kwa adabu nina tisa na nusu. Akagonga boneti, akapaza sauti hadi vijana wa kuosha magari wakazima pampu: "Kaka, kwa hela hiyo kapande mwendokasi!"

MBELE YA MAMA MKWE!

Kilomita sijali. Ile taa ya injini isiyowaka hata ukifungua swichi, najua wameizima makusudi, nayo sijali. Lakini mwendokasi? Mbele ya mama mkwe? Na kweli tumerudi na mwendokasi. Mama kimya njia nzima, tunafika Kimara ndiyo ananiuliza, "Baba, kwani ungemwongezea ngapi tu?"

Pistoni Tatu: Ulipata siti lakini?

Mama Vikoba: Tisa na nusu kwa IST? Hata mimi ningekufukuza. Nunua Passo ukae kimya.

Mleta mada: Dada, MBELE YA MAMA MKWE.

Fundi Spana: Passo ya silinda tatu, kwenye foleni hadi meno yanagongana. Chukua Vitz.

Pistoni Tatu: Fundi, si wewe uliyetia ATF, ile oili ya gia boksi ya otomatiki ya kawaida, kwenye Vitz ya shemeji, nayo ni CVT, gia boksi ya mkanda yenye oili yake? Gia boksi iko wapi leo?

Fundi Spana: Shemeji yako alileta oili yake mwenyewe. Usinichafue.

Mlipa Kodi: Agizeni Japani muone. Gari likivuka miaka 10, kodi ya uchakavu peke yake asilimia 30. Mtaikumbuka yadi.

Mama Vikoba: Fundi, jibu hoja ya gia boksi.

Mgeni Jamvini: Samahani wakuu, hiyo IST ni rangi gani? Kama ni silva nina kumi keshi.