Winchi ndogo ya petroli: nitumie kamba gani?

Mfugaji wa Njoro

Habari zenu wadau. Shemeji yangu anaishi Canada. Alipokuja likizo aliniachia winchi ndogo ya petroli ambayo mtu mmoja anaibeba mgongoni. Ngoma yake, ile silinda inayozunguka, haikunji kamba. Unaizungushia kamba mara chache, unavuta mkia kwa mkono, na yenyewe inavuta mzigo. Imeandikwa kilo 700. Kule kwao wawindaji huitumia kuburuta kulungu, wale wenye pembe za matawi, kutoka bondeni hadi penye gari.

Mimi nina magogo ya mikaratusi kwenye mteremko wa kuelekea Mto Njoro, na msimu wa mvua hakukosi ng'ombe wa kutumbukia mtaroni. Shida ni kwamba winchi ilikuja bila kamba. Mwenye duka la hadwea hapa ana manila ya bluu tu, na ananiambia nichukue ile nene kuliko zote. Jirani naye ananipa waya wa chuma bure. Mnanishauri vipi?

Kijana wa Molo

Chukua waya, kaka. Huku tunavutia lori za viazi zikizama kwenye tope. Na hao kulungu umwachie shemeji, uwindaji Kenya ulipigwa marufuku tangu 1977 😂

Fundi Dunga

Ndugu yangu wa Njoro, waya mrudishie jirani. Wa lori hujikunja kwenye ngoma yake wenyewe na hakuna mtu anayeushika. Hapa ngoma inashika kwa msuguano, na mkia uko mkononi mwako. Waya utateleza, utakwaruza ngoma, na uzi mmoja uliokatika utakuchana kiganja.

Mimi natengeneza mashua hapa Dunga, Kisumu, na kamba ndiyo riziki yangu. Manila ya bluu naipenda kwa nyavu kwa sababu inaelea. Kwenye ngoma inayozunguka siitaki. Hiyo ni plastiki ya polipropilini, inayeyuka kwenye nyuzijoto 165 hivi. Mzigo ukikwama na ngoma ikaendelea kuzunguka chini ya kamba, joto hupanda haraka sana. Ikague baadaye: pale ilipogusa ngoma utakuta ngozi ngumu inayong'aa, nyuzi zimegandana. Hapo ndipo itakapokatikia. Jua pia huimaliza. Ukiisugua iliyokaa nje muda mrefu, inakuachia unga wa bluu vidoleni.

Nailoni ina nguvu, sibishi. Kwa nanga ndiyo ninayoshauri, kwa sababu inanyumbuka na mawimbi. Lakini kunyumbuka huko ndiko hatari kwenye winchi, maana inaweza kurefuka kwa robo au zaidi kabla haijakatika. Gogo lako likinasa kwenye kisiki, mota inaendelea kuvuta na kamba inajaza nguvu kimyakimya. Kisiki kikiachia, gogo linaruka. Kamba ikikatika, inarudi kama mjeledi, na kama kuna ndoano mwishoni, Mungu amsaidie aliye njiani.

Unachotaka ni polyesta iliyosukwa tabaka mbili, ala nje na kiini ndani. Hairefuki sana, inahimili joto hadi karibu nyuzi 250, na maji na jua havisumbui upesi. Wenye mashua za tanga huitumia kuvutia matanga kwa sababu hizohizo.

Habari ya "nene kuliko zote" usiisikilize. Winchi za namna hiyo kwa kawaida hutaka milimita 10 hadi 13, na kipimo kamili kimeandikwa kwenye kitabu chake. Ikizidi hapo haipiti kwenye vishikio vya pembeni, hata iwe na nguvu za kufunga meli.

Nguvu zake zihesabu hivi: zidisha uwezo wa winchi mara tano. Yako ni kilo 700, basi tafuta kamba inayokatika kwenye tani tatu na nusu au zaidi. Usione ni nyingi. Fundo la kawaida tu linaweza kula nusu ya nguvu za kamba. Mwishoni usipige fundo, mpe mtu anayejua kusokotea jicho, yaani kitanzi cha kamba yenyewe bila fundo, hasara yake ni ndogo sana.

Mfugaji wa Njoro

Asante sana, mzee. Maswali mawili. Shemeji anasema anaweza kunitumia kamba ya Dyneema, nyepesi na yenye nguvu kuliko chuma. Pili, anasema wao hufunga kulungu kwenye pembe, kisha wanapitisha kitanzi puani, ili kichwa kitangulie. Manyoya yanalala upande mmoja na pembe hazinasi vichakani. Nifanye hivyo kwa ng'ombe?

Fundi Dunga

Dyneema ni kweli ina nguvu, ila inateleza mno na inayeyuka hata kabla ya ile manila yako, chini ya nyuzi 150. Kwenye ngoma hapana. Akikutumia, itumie kurefushia tu, kipande kinachotoka kwenye mzigo na hakifiki kwenye winchi.

La ng'ombe, ngoja wenye taaluma.

Mama Subukia

Mimi ni mhudumu wa afya ya mifugo. Baba, huyo kulungu anayefungwa puani ni mzoga! Ng'ombe aliye hai ukimvuta kwa shingo utamnyonga, na ukimvuta kwa mguu mmoja utamtegua nyonga. Tumia mkanda mpana, ule wa kufungia mizigo kwenye lori. Upitishe kifuani nyuma ya miguu ya mbele, na uwe bapa, usijiviringe. Kwanza chimba ukingo wa mtaro uwe mteremko, umfunike macho, ndipo uvute polepole. Winchi ni ya kuburuta, usijaribu kumning'iniza nayo.

Kama ukimkuta amekufa ghafla na damu nyeusi isiyoganda inatoka puani au nyuma, usimvute, usimpasue, usimguse. Huenda ni kimeta. Mnakumbuka 2015 nyati walivyokufa ndani ya Hifadhi ya Ziwa Nakuru? Kumburuta ni kusambaza ugonjwa kwenye malisho yote. Mwite daktari wa mifugo wa kaunti.

Kijana wa Molo

Haya, waya nimeufuta. Na puli je? Akifunga puli kwenye mti, si anavuta akiwa pembeni kabisa?

Fundi Dunga

Puli ni nzuri, lakini fahamuni kwamba ikiwa kamba inaingia na kurudi karibu upande uleule, mti na mkanda unaofungia puli vinabeba karibu mara mbili ya mvuto. Winchi ikivuta kilo 700, mkanda wa mti unaona kama 1,400. Mkanda dhaifu ndio utakaotangulia kukatika, na puli itaruka kuelekea ndani ya ile kona ambayo kamba inaipiga pale kwenye puli. Ndani ya kona asisimame mtu, hata mtoto aliyekuja kutazama. Katikati ya kamba tupia gunia lenye mchanga kidogo au koti zito, ikikatika litaiangusha chini.

Mfugaji wa Njoro

Nimeelewa. Mteremko wangu ni kama mita 40. Mita 50 zitatosha?

Fundi Dunga

Chukua 60. Kuna mizunguko ya kwenye ngoma: anza na mitatu, ikiteleza kwa sababu ya unyevu ongeza wa nne. Kuna jicho la mwisho, na unahitaji mkia wa kukuwezesha kusimama hatua kadhaa nyuma ya winchi. Mwenye duka akikuambia atakuungia vipande viwili vya 30, kataa. Fundo likifika kwenye ngoma linakwama, na mzigo uko katikati ya mteremko.