Boot Camp: Windows imejisasisha, Wi-Fi na sauti vimepotea

MuuzaKalamu (Mwanga, Kigoma):
Habari za kazi, ndugu zangu. Nina duka dogo la steshenari hapa Mwanga, na hesabu zake ziko katika programu inayokubali Windows pekee. Ndiyo maana MacBook Pro yangu ya mwaka 2015 ina macOS pamoja na Windows 10 iliyowekwa kwa Boot Camp, programu ya Apple ya kuweka Windows kwenye Mac. Juzi usiku Windows ilijisasisha yenyewe, na asubuhi nikakuta Wi-Fi haionekani, sauti hakuna, na padi ya kugusa inabofya tu, haisogezi ukurasa kwa vidole viwili. Apple Software Update iliyomo ndani ya Windows inadai intaneti, ambayo ndiyo iliyopotea. Rafiki yangu wa Ujiji aliniazima flashi yenye Boot Camp 5, nikabofya Setup, ikanijibu kwamba haifai kwa modeli ya kompyuta hii. Nifanyeje bila kupoteza hesabu?

Mpitanjia:
Pole sana. Mimi ningefuta Windows yote na kuisakinisha upya, kisha mambo yakaisha.

FundiUjiji:
Kwa heshima, ndugu uliyetangulia, mambo hayataisha, kwa sababu hesabu zitafutika na draiva (programu ndogo zinazoiwezesha Windows kutumia vifaa kama Wi-Fi, sauti na padi) bado zitahitajika. Boot Camp 5 ni ya enzi za Windows 7 na 8. Windows 10 ilianza kukubaliwa katika toleo la 6, mwaka 2015. Isitoshe, draiva hutolewa kulingana na modeli ya mashine, kwa hiyo flashi ya rafiki ni ya kubahatisha hata ikiwa mpya.

Ndugu MuuzaKalamu, izime kompyuta, iwashe huku umeshikilia kitufe cha Option, uchague macOS. Huko Wi-Fi itafanya kazi kama kawaida. Fungua Boot Camp Assistant, lakini usibonyeze Continue, maana kwenye mashine ambayo tayari ina Windows njia hiyo inaelekea kwenye kuiondoa Windows. Nenda kwenye menyu ya juu kabisa ya skrini, fungua Action, uchague Download Windows Support Software. Faili likishashuka, nakili vilivyomo kwenye flashi iliyofomatiwa kwa FAT, mpangilio unaosomeka na macOS na Windows, rudi Windows, fungua folda ya BootCamp na uendeshe Setup. Ikikupa chaguo la Repair, lichukue. Azima kipanya cha waya, usihangaike na padi hiyo, na nakili hesabu zako mahali pengine kabla ya yote.

Binti_Kasulu:
Shikamoo, fundi. Je, njia hii itafaa kwenye MacBook ya kaka yangu yenye chipu ya M1?

FundiUjiji:
Marahaba. Hapana, Boot Camp ni ya Mac zenye prosesa za Intel tu. Kwenye M1, Windows huendeshwa ndani ya programu ya mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza inayofanya kazi ndani ya macOS, na draiva zake husasishwa kupitia programu hiyohiyo.

MuuzaKalamu:
Ahsante sana, fundi. Bando la kwanza liliisha upakuaji ukiwa njiani, nikauanza upya usiku. Repair ilipokwisha, Wi-Fi na padi vilirudi hapohapo. Sauti ilibaki kimya mpaka nilipoiwasha kompyuta upya mara ya pili. Hesabu zote zipo.