Naomba ushauri: kufika Pettigo na mama bila kuvuka mpaka

Habari zenu wakuu. Mwezi wa saba nampeleka mama hija ya Kikatoliki ya Lough Derg, ziwa lililoko Donegal, Ayalandi, karibu na mji mdogo wa Pettigo. Mji umekatwa na mto Termon: huku Ayalandi, ng'ambo ya daraja ni Tullyhommon, Ayalandi ya Kaskazini, ambayo ni sehemu ya Uingereza. Darajani hakuna kizuizi wala askari, ila sheria ipo palepale: sisi wenye pasi za Tanzania tukivuka tunatakiwa viza ya Uingereza, na tuna ya Ayalandi tu.

Shida ni kwamba basi la Dublin kwenda Donegal hupitia Enniskillen, tayari upande wa pili. Nafikiria treni hadi Sligo, basi hadi Donegal mjini, kisha teksi. Kuna aliyepita njia hii?

La pili, mama ana miaka 64 na goti linamsumbua. Hija ni siku tatu peku, usiku wa kwanza hakuna kulala, na mlo ni mkate mkavu na chai ya rangi mara moja kwa siku. Ameshaanza mazoezi peku kwenye kokoto za uani, hasikii la mtu. Nimwombe tusogeze hadi mwezi wa tisa, kwenye ile ya siku moja, au nimwache atimize nadhiri yake?