Panya hai kwenye mafunzo ya upasuaji wa ubongo, ni lazima kweli?

MkonoMchanga: Habari za jioni wakuu. Nasomea upasuaji wa ubongo, wiki ijayo tunaanza kuunga mishipa midogo ya damu chini ya hadubini na tumeambiwa mwishoni tutatumia panya hai. Siku mbili sijalala vizuri. Damu siiogopi, naiona kila siku tieta, ila huyu mnyama haumwi, hakuna tunachomtibu, anakufa ili mkono wangu uzoee. Mabawa ya kuku hayatoshi jamani?

Dr_Mzee: Mdogo wangu, bawa la kuku ni zuri sana na ndiko pa kuanzia, mshipa wake una kama milimita 1, karibu sawa na vimishipa vya juu ya ubongo. Shida yake ukikosea halikwambii. Panya umefungua mshipa wa paja, umeunga na uzi wa 10-0 ambao ni mwembamba kuliko unywele, unaachia klipu (vibanio viwili vinavyozuia damu pande zote za mshono), kama sindano ilishika ukuta wa nyuma damu inaganda mbele ya macho yako, kama umeacha nafasi inavuja. Hapo ndo unajua. Yaşargil mwenyewe, yule gwiji wa upasuaji wa ubongo kwa hadubini, alienda Burlington, Marekani, 1965 akajifunzia kwa mbwa, ndipo Oktoba 1967 kule Zurich akamuunga mgonjwa mshipa wa ngozi ya kichwa na wa ubongo. Mimi siwezi kukubali mshono wako wa kwanza kwenye damu inayotembea uwe wa binadamu.

DaktariWaMifugo: Dokta yuko sahihi ila aongeze hili, panya anapigwa nusukaputi ya kweli na kuna mtu kazi yake ni kumwangalia anavyopumua tu, na haamki tena, anamalizwa akiwa usingizini. Uingereza sheria ya 1876 ilikataza kabisa kutumia mnyama hai kuzoeza mkono, ya 1986 ndo ikaruhusu kwa upasuaji wa hadubini, kwa masharti hayohayo ya usingizi. Waulize wanaowafundisha nani anasimamia dawa. Wakibabaika, kataa.

Mama_Leba: Mbona hamjataja kondo la nyuma? Wodi ya wazazi linatupwa kila siku, mishipa imejaa juu yake, mikubwa kwa midogo, unaweka mrija unasukuma maji yenye rangi yanatembea kama damu. Mama aombwe ridhaa na apimwe maambukizi. Kuganda halitakuonyesha, lakini kuvuja utakuona.

MkonoMchanga: Asanteni sana, mama wa leba umenifungua macho. Kesho naomba hadubini jioni nianze na mabawa, halafu kondo, na panya simgusi mpaka mshono wangu usivuje mara kumi mfululizo. Dokta, klipu unaachia ya upande gani kwanza?

Dr_Mzee: Ya mbele, kule damu inakoelekea. Ikirudi taratibu utaona pa kuongeza uzi, ndo uachie ya nyuma.