Tupeane uzoefu: asaimenti za kuandika kwenye kozi za sanaa na insia, ulizishughulikiaje?

Mdau wa Insia

Habari zenu wakuu. Mdogo wangu wa kike ameanza mwaka wa kwanza, shahada ya sanaa, anachukua historia na fasihi. Muhula haujakolea na tayari kapewa asaimenti za kurasa tano hadi saba. Kanipigia simu: "Kaka, naanzia wapi?" Nimemjibu nijuavyo, ila nimeona swali lake ni la wengi. Vyuo vyetu vingi koswaki inabeba alama 40 na mtihani wa mwisho 60, kwa hiyo anayezembea kwenye asaimenti anaingia chumba cha mtihani akiwa na deni.

Naanza na la kwangu. Nilisoma fasihi ya Kiswahili. Tulipewa swali lililosema Kinjeketile ni tamthiliya ya kihistoria, tujadili kwa kurejelea Vita vya Maji Maji. Darasa karibu lote lilikimbilia historia: 1905 hadi 1907, pamba ya kulazimishwa, kodi, viboko, Wajerumani. Kurasa nne za vita, kisha tamthiliya yenyewe ikapata aya moja mwishoni. Mimi nilishika jambo lingine. Ebrahim Hussein, aliyeiandika tamthiliya hiyo, mwenyewe alishaeleza kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni zao la ubunifu wake, wala si nakala ya Kinjeketile Ngwale aliyenyongwa na Wajerumani Agosti 1905. Basi nikajiuliza: mwandishi ameachana na historia wapi, na kwa nini ameachana nayo hapo?

Nikachagua sehemu moja tu, ile ya mwisho, Kinjeketile akiwa kifungoni anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa. Nikakaa hapo kwa muda mrefu. Anaogopa nini kwa watakaokuja baadaye? Anayeshikilia neno ambalo yeye mwenyewe hana tena uhakika nalo moyoni mwake, ni mwongo au ni kiongozi? Hapo ndipo historia iliponisaidia, kwa sababu sisi tuliokuja baadaye tunajua vita viliishaje na bado tunavitaja kwa heshima. Insha ikawa na mgongo.

Mdogo wangu nimemwambia hivi: lisome swali mpaka uweze kuliuliza upya kwa maneno yako, halafu ulijibu kwa sentensi moja kabla hujafungua kitabu cha pili. Sentensi hiyo inaweza kubadilika, na ni vizuri ibadilike, lakini iwepo.

Karibuni. Semeni mlipewa swali gani na mlifanya nini hasa.

---

Mkaa Maktaba

Mkuu umenigusa kwa Maji Maji. Mimi ni wa historia, Mlimani. Sisi swali letu lilikuwa juu ya sababu za vita hivyo, na kila mtu alikuwa na desa lilelile lililopita mikononi mwa miaka kadhaa ya wanafunzi, lenye sababu sita zimepangwa kwa namba. Nikashuka sehemu ya East Africana pale maktaba, nikaomba makala za mradi wa utafiti wa Maji Maji wa 1968. Wengi hawajui habari hii na inastahili kujulikana: mwaka ule wanafunzi wa chuo walikwenda vijijini kuwahoji wazee ambao bado waliikumbuka vita, wakaandika walichoambiwa. Wanafunzi wa shahada ya kwanza kama sisi. Kazi zao zinanukuliwa mpaka leo na wanahistoria wakubwa.

Ukizisoma kwa utulivu, zile sababu sita zinaanza kugombana. Umatumbini ni pamba, pamba, pamba. Ukifika Ungoni, ambako mashamba yale ya pamba hayakuwa na uzito huo, wasomi wanaangalia zaidi hamu ya watawala wa Kingoni ya kurudisha mamlaka yao. Kwa hiyo nikaandika kwamba vita ni moja ila watu hawakuingia kwa mlango mmoja, na kila aya ikawa ya eneo lake. Desa halikunisaidia kitu humo.

Njia yangu ya kazi ni ya kizamani. Kila chanzo kinapata karatasi yake. Juu jina la kitabu, mwandishi, mwaka, mchapishaji. Chini naandika hoja kwa maneno yangu, na nukuu naziwekea alama za kunukuu papo hapo, na namba ya ukurasa pembeni. Namba ya ukurasa iandikwe kitabu kikiwa bado mezani. Nimeona watu wakirudi maktaba usiku wa mwisho kutafuta ukurasa mmoja, na kitabu kimeshaazimwa.

---

Penseli

Hamjagusa asaimenti za grupu. Watu kumi, jina la kila mmoja liko kwenye jalada, wanaoandika ni wawili. Kwetu tulipona pale tulipoacha kugawana vipengele. Zamani mmoja alichukua utangulizi, mwingine hoja ya kwanza, na kadhalika, ikitoka ni insha kumi zimeshonwa pamoja. Tukabadili: wote tunasoma matini moja, tunakutana kwenye vimbweta (yale mabenchi ya kusomea nje), tunabishana mpaka tukubaliane jibu, halafu mmoja anaandika yote na mmoja mwingine anahariri. Waliobaki wanahakiki marejeo na kujiandaa kuwasilisha. Asiyekuja kubishana, jina lake haliingii, na hilo tulimwambia mhadhiri mapema.

---

Mtoto wa Mkunazini

Asalaam aleikum. Mie nilisoma historia hapa Unguja. Tulipewa hili: amri ya 1897 ilikomesha utumwa Unguja na Pemba, tathmini.

Ukilisoma mbio utaandika sababu za kukomeshwa, kisha matokeo, umemaliza. Mie nilitaka kujua amri yenyewe inasema nini, maana vitabu vingi tulivyopewa vinaitaja kwa mstari mmoja tu. Sultani Hamoud bin Mohammed aliitoa mwezi wa Aprili. Haikutamka kwamba kuanzia leo kila mtumwa yu huru. Iliondoa nguvu ya mahakama kulinda madai ya kumiliki mtu, na anayetaka uhuru wake aende mwenyewe akauombe, bwana wake alipwe fidia. Tena aliyeupata alitakiwa aonyeshe ana pa kukaa na ana njia ya kujikimu, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Masuria wakaachwa nje kabisa, mpaka 1909.

Sasa mchukue mtu aliyeko shamba la karafuu kule Pemba. Kibanda anacholala ni cha bwana, konde la muhogo analolima ni la bwana. Akenda kudai uhuru anapoteza kibanda na konde. Akikosa pa kukaa, sheria ileile iliyompa uhuru inamwita mzururaji. Nilipoliona hilo nilishindwa kulala. Insha yangu nzima ikatoka kwenye pingu ile: nani aliweza kuomba, nani hakuweza, na mwanamke aliyekuwa suria alikuwa wapi katika hesabu hii. Neno "ilikomesha" kwenye swali ndilo nililolitathmini, aya baada ya aya.

Mhadhiri wetu alikuwa akituambia, ukipewa sheria, isome sheria. Ukipewa shairi, lisome shairi. Waliosema juu yake watafuata. Mwenyezi Mungu amlipe, sijasahau.

---

Kijana wa Kilifi

Kutoka Kenya hapa. Mimi ni fasihi simulizi. Ninyi mna vitabu, sisi tulitumwa nyumbani: rekodi ngano, inakili, itafsiri, ichambue. Mtajua kwamba somo hili halikuja hivi hivi. 1968 pale Nairobi Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba waliandika waraka wakitaka idara ya Kiingereza iondolewe na fasihi ya Kiafrika, ikiwemo simulizi, iwekwe katikati. Kila nikifungua simu kurekodi huwa nawakumbuka.

Nikaenda kwa nyanya saa nane mchana nikiwa na simu na daftari. Akanikatalia. Ngano hazisimuliwi mchana, kuna kazi za kufanya, na tena si salama kwa mwenye kuzisikia. Nikangoja usiku. Walipokusanyika watoto wa boma ndipo akaanza, na simu niliiweka chini ya kiti nikiwa nimeshamwomba ruhusa. Katikati ya ngano kuna wimbo, watoto waliujua wote, na mmoja alipokosea neno nyanya alisimama, akamrekebisha, akaendelea. Baadhi ya wenzangu walikuwa wameandika ngano tu, safi kama ilivyo kitabuni. Mimi niliacha kila kitu humo: kukataa kwa mchana, watoto, wimbo, rekebisho. Uchambuzi wangu ulihusu lile rekebisho, kwamba hadhira inaijua kazi na msimulizi anailinda, na kumbe uhuru wa kubadilisha una mipaka inayolindwa mbele ya watu. Mwalimu aliandika pembeni, "hapa ndipo somo lilipo."

Ushauri wangu: kunakili sauti kunakula muda kuliko mnavyodhani. Anza usiku uleule, sauti bado ziko masikioni.

---

Mdau wa Insia

Kijana wa Kilifi, ahsante sana, hii nimemtumia mdogo wangu sasa hivi.

---

Kalamu Nyekundu

Ninasahihisha asaimenti hizi, ni mhadhiri msaidizi mahali fulani. Naomba niseme upande wa pili, maana nawapenda wanafunzi wangu na inaniuma kuona mtu mwenye akili anapata alama ndogo.

Naanza na utangulizi. Natafuta sentensi moja inayoniambia mwandishi anasema nini. Nyingi zinaanza na fasili: fasihi ni nini kwa mujibu wa huyu, wa yule, na wa yule mwingine. Ukurasa umeisha na mwenye insha hajafungua mdomo. Kisha naruka mwisho, kwenye marejeo. Siku hizi huko ndiko ninakokaa zaidi, kwa sababu nakuta vitabu ambavyo havipo duniani. Mwandishi ni wa kweli, mchapishaji ni wa kweli, kitabu hakijawahi kuandikwa. ChatGPT imemtungia. Programu ya kukagua ulinganifu inaweza isione kitu, ila mimi nikitafuta kitabu nikakikosa namwita mwanafunzi, namwomba anieleze aya yake ya tatu. Mazungumzo hayo ni mazito kwa wote wawili.

Jambo jingine ni nadharia. Kwenye fasihi ya Kiswahili hasa, mwanafunzi anatangaza kwamba ataongozwa na nadharia ya ufeministi au umarksi, anaandika waasisi na mihimili, halafu kuanzia ukurasa wa tatu nadharia haionekani tena. Ukiondoa ile sehemu, insha haipungui chochote. Nadharia ni taa, ibebe uendako. Ikiwa unahakiki mhusika wa kike kwa ufeministi, basi kila mara unaponukuu nionyeshe nani anaamua, nani anazungumza kwa niaba ya nani, nani anamiliki nini. Mhimili mmoja ukitumika kikamilifu unanitosha.

Na kinachonifurahisha? Mwanafunzi anapoleta ushahidi unaompinga mwenyewe, akaujibu. Hapo najua anafikiri, na alama zinapanda bila mimi kuzisukuma.

---

Dada wa Iringa

Shukrani mwalimu. Naomba niongeze la lugha, maana hakuna aliyeligusa. Wengi wetu tulisoma msingi kwa Kiswahili, sekondari Kiingereza, na chuoni ukiacha idara ya Kiswahili, falsafa na historia unaziandika kwa Kiingereza. Kwenye falsafa nilikuwa naona hoja zangu zinasinyaa nikianza kuziandika. Nikaamua kila insha niipange kwanza kwa Kiswahili kwenye karatasi: nadai nini, kwa nini, mpinzani atasema nini, nitamjibuje. Namsimulia na mwenzangu wa chumba, yeye anasoma uhasibu. Akinielewa ndipo naandika kwa Kiingereza, sentensi fupi fupi. Alama zilipanda, lakini zaidi ya alama, niliacha kuogopa semina.

---

Mswahili wa Leipzig

Nawasalimu kutoka Ujerumani. Huku kozi nyingi za insia hazina asaimenti ndogo ndogo zenye alama. Muhula unaisha, unabaki na insha moja ndefu ya kuandika likizoni, kurasa kumi na kitu, na mara nyingi alama ya kozi nzima iko humo. Na swali unalitunga mwenyewe! Kwangu mimi niliyezoea swali kutoka kwa mwalimu, hilo ndilo lilikuwa jipya kabisa. Nilikwenda saa za ofisi na mada ya "nafasi ya mwanamke katika ushairi wa Kiswahili." Profesa akauliza: mwanamke yupi, shairi lipi, beti zipi? Nilitoka na beti chache za utenzi wa Mwana Kupona wa 1858, pale mama anapomuusia bintiye juu ya mumewe, na swali moja: sauti inayoamuru utii ni ya mwanamke mwenye mamlaka ya kuandika, hayo mawili yanakaaje pamoja? Kurasa zikajaa zenyewe. Walio nyumbani, hata ukipewa swali pana, unaweza kulibana hivyo, mradi utangulizi useme umelibana wapi na kwa nini.

---

Mdau wa Insia

Wakuu, nimefurahi kupita kiasi. Mdogo wangu anasoma yote haya na ana swali moja: amemhoji babu yetu kuhusu vijiji vya Ujamaa, alihamishwa 1974. Kwenye marejeo anamwandikaje?

---

Mkaa Maktaba

Mdogo wetu, kwenye historia tunaandika kwenye tanbihi: mahojiano na jina lake kamili, kijiji, wilaya, tarehe. Kwenye marejeo vyanzo vya mdomo viwekwe peke yao, mbali na vitabu. Ongeza umri wake na alikuwa nani mwaka ule wa 1974: mkulima, balozi wa nyumba kumi, mwalimu? Aliyehamishwa na aliyewahamisha wenzake watakueleza mambo tofauti, na msomaji anatakiwa ajue anamsikiliza nani. Muulizeni babu kama anataka jina lake litajwe. Kama hataki, mpe jina jingine na useme kwamba umelibadilisha.

---

Kijana wa Kilifi

Na mrekodi leo hii. Usingoje likizo.